Chelezo cha Mwanyumba Wangu

Jumatano, 4 Juni

Baba mkwe ametangaza! Magoti yamemchosha, havui tena. Mwanzi wake wa kuvulia, ule mwepesi uliong'arishwa na mikono yake miaka yote, atampa mkwe atakayepata samaki wengi bwawani Jumapili. Wakwe tuko wawili tu: mimi, na mwanyumba wangu fundi saa, aliyemwoa dada wa mke wangu. Mwanzi ule ni wangu. Nimeutamani tangu siku ya posa, kuliko hata... basi, mke wangu asije akasoma hapa.

Ijumaa, 6 Juni

Nimenunua chelezo, kile kinachoelea majini na kukuonyesha samaki akigusa chambo. Muuzaji alinipa kijembamba kama njiti. Nikamwambia mimi si mtoto. Nimechukua kinene, chekundu, kama yai la kuku. Nimekijaribu ndani ya sufuria kubwa. Kinaelea kifalme!

Baba mkwe kapita, kakitazama, kasema chelezo hufungiwa punje za risasi, yale madini mazito, chini yake mpaka ibaki ncha tu juu ya maji. Kikielea juu mno, samaki anahisi kinamvuta, anatema chambo. Wazee bwana! Kikizama hivyo nani atakiona? Mke wangu ametaka sufuria yake. Hakuitaka kwa upole.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda dukani kwa mwanyumba kumjulia hali. Yaani kumpeleleza. Chelezo chake kilikuwa ndani ya bilauri ya maji, pamoja na ndoana yake, nusu ndani nusu nje. Akasema anahisi kina kasoro, ila haijui. Maringo yote yale ya kufungua saa ndogo kama kunde, na hajui!

Mteja akamwita mlangoni. Haraka! Nikaokota punje moja ya risasi mezani, nikaibana kwenye mshipi, juu kidogo ya ndoana, kwa koleo yake mwenyewe. Chelezo kikadidimia, ikabaki ncha tu. Kwisha habari yake! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 8 Juni

Aibu. Chelezo changu kilielea asubuhi nzima kama bwana harusi, wapita njia wakakisifu. Samaki walikula chambo wakaenda zao. Kila nikivuta, ndoana tupu. Mwanyumba je? Ncha ikitikisika kidogo tu, anavuta. Samaki! Ikitikisika tena. Samaki! Tisa!

Baba mkwe alipiga makofi, akasema huyu ndiye anayejua kupima chelezo. Mwanyumba akainamisha kichwa, akasema ni kipaji tu. Kipaji! Uvumilivu ukanishinda. Nikapayuka mbele ya ukoo mzima kwamba risasi ile nimeiweka mimi!

Baba mkwe akauliza niliiweka kwa nini. Nikasema undugu.

Machozi yakamlengalenga mzee. Akanikumbatia, akasema mwanzi ni wa aliyevua, lakini moyo kama wangu usikae bure: kuanzia leo mimi ndiye mpimaji wa vyelezo vya mwanyumba. Mwanyumba akanishukuru kwa mikono miwili. Mke wangu alinitazama tu, ananijua. Nimeumia sana.

Jumamosi, 14 Juni

Mwanyumba kaleta chelezo chake nikipime. Kesho anavua kwa mwanzi WANGU. Akirudi mikono mitupu, huenda mzee akaghairi.

Nimefunga punje tano. Nikaingiwa na wasiwasi: moja ilimpa samaki tisa, tano si zitampa arobaini na tano? Nikazing'oa zote. Wasiwasi tena: mzee akiona hakuna risasi hata moja, atajua ni hujuma. Nimekaa na koleo mkononi mpaka chai ikapoa.

Hatimaye akili imenijia. Tano nyingi, bila kitu ni hatari. Nimefunga moja tu, juu kidogo ya ndoana. Kesho hachomoki!