Nchi ya Raifo, Nchi ya Shotgani

Alhamisi, 10 Novemba 1988

Baba mkwe ametangaza. Mezani, supu ikiwa bado ya moto, mbele ya watu wote! Magoti yake yamekataa ngazi. Hapandi tena dunguni. Na dungu lile lililo juu ya mwaloni, alilolijenga kwa mikono yake kabla Arlene wangu hajazaliwa, atapewa mkwe atakayeangusha kulungu dume siku msimu wa kuwinda unapofunguliwa. Jumanne hii hii! Nusura nimeze kijiko.

Wakwe tuko wawili. Kuna mimi, Norbert, na kuna mwanyumba wangu Duane, aliyemwoa dada yake Arlene. Duane kazaliwa huku huku mashambani. Mimi ni mtoto wa Detroit, na tangu nioe nimekuwa nikipangiwa kuwinda nyuma ya banda la ng'ombe, mahali ambapo hata panya hapiti. Baba mkwe huniita "yule wa mjini" hata nikiwa nimekaa mbele yake nampakulia viazi.

Nalitaka dungu lile. Aliyekaa mle ni mtu wa nyumba hii, hakuna wa kumuuliza katoka wapi.

Duane akaniambia nisijisumbue. Eti labda ng'ombe mmoja wa Baba ataniona nimevaa koti langu la rangi ya chungwa, afe kwa kicheko, nikamtundike huyo mjini wanapotundika kulungu waliowindwa. Watu wakacheka. Arlene naye alicheka! Nilimwona.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimeenda duka la bunduki. Swali langu moja tu: kulungu anawindwa kwa shotgani au kwa raifo? Salaale! Ungedhani nimeuliza dini ipi ya kweli. Wazee waliokuwa wanakunywa kahawa pale nusura washikane mashati. Mmoja anasema shotgani ni ya watu wasiojua kulenga. Mwingine anasema raifo ni ya watu wasiojua kunyatia.

Orville, mwenye duka, akanijibu vizuri. Akasema, "Inategemea uko nchi gani, bwana. Kusini ya barabara kuu ni nchi ya shotgani. Kaskazini, nchi ya raifo."

Maneno hayo nimeyasikia tangu nioe. Leo yameniingia! Kwa maana shamba la Baba limekatwa katikati na barabara hiyo hiyo. Nyumba, msitu na dungu viko kusini. Kaskazini kuna shamba la viazisukari, vile vya kukamuliwa sukari, lake pia. Nchi mbili, mwenyewe mmoja! Orville alitaka kunieleza sheria yenyewe inasemaje. Nikamwambia najua. Akaanza tena. Nikamwambia, Orville, najua!

Jumamosi, 12 Novemba

Nimezijaribu zote mbili.

Shotgani kwanza. Risasi yake hii ya kulungu ni kipande kimoja cha madini ya risasi, kinene kama kidole gumba changu. Nikalenga kisiki. Nikafyatua. Mama yangu wee! Kisiki kikapasuka, na bega langu likahama nyumba. Haiendi mbali, lakini ikifika, imefika. Nilikwenda kukiangalia kile kisiki na kofia nikaivua.

Kisha raifo, niliyoazima kwa binamu yake Arlene. Risasi nyembamba kama penseli. Kopo nililiweka mwisho kabisa wa shamba, hata mwenyewe silioni vizuri. Nikabonyeza taratibu. Kopo halipo! Nikakaa chini kwenye matope. Binadamu ana akili gani ya kutengeneza kitu kama hiki, kisha akashindwa kutengeneza kiatu kisichoingiza maji?

Siwezi kuchagua. Ile ni nyundo, hii ni sindano. Nazipenda zote. Arlene kanichua bega kwa dawa ya farasi, akasema limekuwa zambarau kama biringanya.

Jumapili, 13 Novemba

Kanisani hakuna aliyesikia mahubiri. Padre mwenyewe alikuwa akitazama dirishani kuona kama theluji itaanguka.

Mimi nilikuwa nikisali nipate njia, na njia nimeipata. Kwa nini nichague? Raifo itakaa kaskazini, ndani ya pikapu, pembeni mwa viazisukari. Shotgani itakaa kusini, imetundikwa kwenye mti wa tufaa kando ya barabara. Zote tupu, risasi mfukoni. Mimi mwenyewe nitalala mtaroni, katikati. Kulungu akitokea nchi hii, nakimbilia bunduki ya nchi hii. Akitokea nchi ile, bunduki ya nchi ile. Hana pa kwenda! Duane ana shotgani moja ya babu yake. Maskini Duane.

Nikamweleza Arlene. Akaniambia mshika mawili, moja humponyoka. Nikamjibu sijashika hata moja, kila moja iko mahali pake. Akaendelea kukanda unga.

Jumanne, 15 Novemba

Sijavua hata koti. Naandika hivyo hivyo.

Alfajiri, mtaroni. Theluji nyembamba. Baridi ya kukata masikio. Mbali huko, kusini, milio ya bunduki ikaanza. Mmoja ulitoka msituni kwetu. Duane! Moyo ukaniruka.

Ndipo nikamwona. Kaskazini, kwenye viazisukari. Dume! Haki ya Mungu, sijawahi kuona mnyama wa namna ile. Pembe zimepanda kama mti uliopukutika majani. Nikakimbia nimeinama mpaka kwenye pikapu. Nikatoa raifo. Nikatia risasi. Nikageuka. Kavuka barabara! Yuko kusini.

Kwenda na raifo nchi ya shotgani ni kosa, hilo kila mtu analijua. Nikatoa risasi, nikairudisha. Nikakimbia mpaka kwenye mti wa tufaa. Nikashika shotgani. Nikatia risasi. Nikageuka. Karudi kaskazini!

Safari hii alikuwa ng'ambo tu ya barabara. Karibu kiasi kwamba niliona tone la maji puani mwake. Amenipa ubavu wote. Amesimama, ananitazama. Na mimi mkononi nina shotgani, yeye yuko nchi ya raifo.

Nikashusha bunduki. Nilipaswa kukimbilia pikapu, nikabaki namtazama. Theluji ilikuwa ikimdondokea mgongoni na haiyeyuki. Pumzi yake ilitoka mviringo mviringo. Masikio yanacheza, hili huku, lile kule. Nilisahau dungu. Nilisahau Duane. Niliogopa hata kumeza mate nisije nikamvunjia heshima. Ametembea, hakukimbia. Machozi yalinitoka, na si ya baridi.

Baba mkwe alikuwa dirishani jikoni na darubini. Kaona yote. Nilipoingia akaniuliza mbona sikupiga. Nikasema, Baba, alikuwa nchi ya raifo, na mimi nilikuwa na shotgani.

Arlene akaacha kukoroga chungu.

Baba akanieleza polepole, kama anavyomwongelesha ndama. Kinachokatazwa ni raifo kusini. Basi. Shotgani ni ruksa kusini, ruksa kaskazini, ruksa pande zote, tangu yeye akiwa kijana. Watu husema nchi ya raifo kwa sababu huko raifo inaruhusiwa, si kwa sababu kulungu wa huko wanadai raifo!

Duane alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lakini naye hana la kujivunia. Mlio ule ulikuwa wake na alikosa, na kwa desturi ya huku anayekosa hukatwa pindo la nyuma la shati, linapigiliwa misumari ukutani. Walimkata shati jipya la Krismasi. Akadai na langu likatwe. Baba akahukumu: huyu hakupiga, kwa hiyo hakukosa. Mkasi ukarudishwa.

Kisha Baba akaniuliza, kwa sauti ndogo, alikuwaje kwa karibu. Nikamweleza. Tone la pua. Theluji. Masikio. Kiko chake kikazima hakujua. Akasema dume huyo amemwinda miaka yote hii na hajaona ila makalio yake. Kisha akasema kesho alfajiri nipande mimi dunguni. Aliniita Norbert! Nikiangusha dume, dungu langu. Nikirudi mikono mitupu, la Duane, na yasisemwe tena.

Jumatano, 16 Novemba

Nimekaa dunguni kwa Baba! Mbao zimelainika mahali anapokaa. Msitu wote uko chini yangu, barabara mbele, viazisukari ng'ambo. Kulipopambazuka niliona ni kitu gani Baba anakiacha.

Nilikuwa na shotgani peke yake. Ruksa pande zote. Nililirudia kimoyomoyo kama sala.

Akaja. Chini ya mwaloni, taratibu, kutoka nyuma yangu. Kwato zikivunja barafu. Nikainua bunduki. Akatembea mpaka ukingo wa msitu, akapanda tuta, akasimama, akageuza kichwa akanitazama juu. Jua likamshika pembe. Ee Mungu, uliumba na hiki!

Kidole kilikuwa mahali pake. Ndipo nikatazama miguu yake. Alikuwa amesimama barabarani! Si kusini, si kaskazini. Katikati ya lami kabisa. Kuhusu barabarani hakuna aliyeniambia kitu.

Nikashusha bunduki. Sheria ni sheria.

Nimemweleza Baba. Alifumba macho, akamwambia Duane kesho apande yeye ngazi. Sawa. Duane achukue dungu. Anajua nchi mbili tu, kama wenzake wote. Mimi nimegundua ya tatu! Kesho duka likifunguliwa tu niko mlangoni kwa Orville, nimuulize kwa nchi ya barabarani wanauza bunduki gani.