Mkono Juu kwa Shangazi

Jumatano, 4 Juni

Nimepata nafasi! Mwenye mkahawa ameniweka kwenye usiku wake wa pop laivu, wa wasanii tusio na kampuni wala meneja. Keshokutwa! Atakayeshangiliwa zaidi atapiga pale kila Ijumaa. Dada kasema nikikosa, kinanda kitoke sebuleni kwake, nami niende dukani kwa shemeji kupima misumari. Misumari! Mimi!

Tatizo ni yule mwimbaji ninayemwita Miwani. Naye yumo. Anaimba kafumba macho, kwa sauti ya mgonjwa, na wasichana wanalia. Simpendi hata viatu vyake.

Alhamisi, 5 Juni

Akili ninazo, jamani. Nimemwomba shangazi aje na mafundi wenzake wote wa cherehani, wakae meza za nyuma. Wakiona mkono juu, makofi na vigelegele. Akauliza, na wimbo ukiwa mbaya je? Nikamwambia asihangaike na wimbo, atazame mkono. Akasema haya mwanangu, kazi rahisi hiyo.

Ijumaa, 6 Juni

Mchana tumejaribu vyombo. Fundi mitambo kaniambia nisipoisikia sauti yangu jukwaani, niinue mkono aniongezee. Nimemshukuru sana. Mtu mwema.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu gani hii!

Jana, ubeti wa kwanza tu, sauti yangu siisikii. Nikainua mkono. Meza za nyuma zikalipuka! Sasa ndio sisikii kabisa. Nikainua tena. Shangazi akasimama. Fundi akaongeza, spika zikapiga yowe. Nikainua yote miwili kuwasihi wanyamaze. Wakapanda viti! Wimbo wangu wa kuachwa, niliouandika kwa machozi, ukageuka harusi. Watu wa mbele nao wakainuka kucheza.

Nikashuka nimeloa jasho, lakini nafurahi. Nani atanifikia kwa makelele yale?

Akapanda Miwani. Kafumba macho. Katikati ya wimbo akainua mkono, naye anaomba sauti. Shangazi na kundi lake: vigelegele! Nilikimbia hadi mezani kuwazuia. Shangazi akanifokea kwamba nilisema mkono, sikusema wa nani. Miwani hakufumbua macho. Alidhani ni kipaji!

Mwenye mkahawa kashindwa kuamua. Turudie Ijumaa ijayo, mimi na Miwani. Dada kakubali kinanda kikae mpaka hapo. Nilimkumbatia, akasema nimwache, ananuka vitunguu.

Jumapili, 8 Juni

Dada ananishauri niufanyie wimbo mazoezi. Nimecheka sana. Watu wengine hawaelewi muziki.

Kosa lilikuwa mkono. Mkono kila mtu anao! Nimemweleza shangazi ishara mpya: nikijifuta jasho, ndio washangilie. Mimi peke yangu. Haiwezi kuharibika. Tena nimemwomba mwenye mkahawa aniongezee taa jukwaani, zile kubwa za moto, ili shangazi anione vizuri.