Malalamiko Kuhusu Vyombo vya Ndege Inayokuja Kunichukua

Tarehe 14 Machi. Leo natimiza miaka thelathini na tisa na siku sita ugenini.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usalama wa Anga,

Baada ya heshima zote, naomba unisikilize. Mpwa wangu ni rubani wa ndege ya abiria kumi na wawili. Jumamosi atakuja kunichukua, nikaishi kwa mama yake, dada yangu mdogo, hadi mwisho wa siku zangu. Njiani kuna mawingu mazito, hivyo ataongoza kwa kutazama vyombo tu, bila kuona nje. Nimezisoma kanuni zako za vyombo vinavyotakiwa, mara mbili, kwa miwani. Zina upungufu ufuatao:

1. Saa. Kanuni inataka ionyeshe hadi sekunde. Miaka je? Haikutajwa popote.

2. Kipimo cha mwinuko. Rubani hukirekebisha kwa mgandamizo wa hewa wa kule aendako, akiambiwa na mnara kwa redio. Mimi nani ananiambia hali ya hewa ya ile nyumba? Dada akipiga simu husema, “Njoo tu kaka, chumba nimeshakipaka rangi,” kisha ananyamaza. Kimya hicho nikisome kwenye chombo gani?

3. Redio. Zinatakiwa mbili, moja ikifa nyingine iseme. Sheria nzuri. Lakini kule kwetu anayenijua kwa sura amebaki mmoja tu, huyo dada. Akichelewa uwanjani kwa kutafuta viatu, kama kawaida yake tangu utotoni, nani atanitambua? Naomba iwe lazima: abiria aliyekaa ugenini zaidi ya miaka thelathini apokewe na ndugu wawili, mmoja wa akiba, wote wakiwa wamekaguliwa na kupewa kadi ya ukaguzi, kama chombo cha ndege.

4. Kiwanja cha akiba. Rubani lazima ataje kiwanja kingine cha kutua, endapo kule aendako kumefunikwa na mawingu. Napendekeza kiwe hiki cha hapa. Ndege ipae, igeuke, initue kabla chai haijapoa. Na kwa kuwa itarudi palepale, busara ni isipae kabisa.

Hadi hayo yatakaporekebishwa, tafadhali izuie ndege hiyo.

Nisalimie makarani wako wote, walio mnarani, na yule mama wa mapokezi anayezigonga muhuri barua zangu bila kucheka.

Wako katika kutii kanuni,
Fundi wa redio za ndege (nimestaafu, leseni ingali hai)

Nakala: Mpwa wangu. Amsomee mama yake polepole.

Nyongeza: Ndege hiyo ililetwa Jumanne kwenye karakana yetu ya zamani, nami nikaitwa kusaidia ukaguzi kabla haijarudi kule. Nilijaribu kila chombo kwa mikono yangu. Hakuna kasoro hata moja, na kadi nimeitia saini mimi. Usiizuie, Mheshimiwa. Kiti changu apewe mwingine. Sitarudi kwetu.