Herufi Moja ya Bwana Mrija

Mtu aliyewekewa wembe shingoni hana budi kusikiliza anachoambiwa, na siku ile Bwana Mrija aliambiwa kwa wimbo. Kinyozi alikuwa na sauti ya mlango usiotiwa mafuta, lakini aliimba kwa moyo wote, na kila alipofika kwenye kiitikio wembe ulipanda pamoja na sauti.

"Kaka," Mrija alisema bila kusogeza kidevu, "unaniimbia au unaniaga?"

"Niwie radhi, ndugu yangu. Niko kwenye mazoezi. Mimi ni bwana harusi."

"Hongera. Bibi harusi ameshaisikia hiyo sauti?"

"Si harusi ya kweli. Ya jukwaani."

Kinyozi akafuta wembe, akaeleza. Kikundi chao cha maigizo kilikuwa kinaandaa kichekesho cha nyimbo kuhusu harusi ambayo kila mgeni wake anajifanya tajiri. Tatizo, mwongozaji wao alikuwa ametoroka. Hakuugua wala hakuhama. Alitoroka, baada ya kila mwigizaji kumwendea kwa wakati wake kumweleza kwamba hawezi kusimama nyuma ya mwenzake.

"Na dhahabu ya wageni tumeikata kwenye makaratasi ya biskuti," Kinyozi alilalamika. "Aibu tupu. Wakati mwenye bucha ana mkufu wa kweli, Mwalimu ana bangili za kweli, na fundi wetu wa cherehani, nyumbani kwao kuna hereni nzito mpaka masikio yanaomba msaada. Halafu tunavaa biskuti."

Mrija alifumba macho. Kinyozi alidhani ni raha ya kunyolewa.

Jina Mrija hakupewa na wazazi. Alipewa na watu aliowahi kupita kwao. Palipokuwa na kitu cha mtu, yeye alikinyonya taratibu, glasi haitikisiki, mwenyewe akaja kushtuka yamebaki mabarafu. Aliwahi kumuuzia mkuu wa shule uwanja wa shule ileile, na mkuu akamshukuru kwa kumpunguzia bei. Mtu wa aina hiyo hatafuti riziki. Riziki humkuta kwenye kiti cha kinyozi, ikampaka na povu.

"Kaka," alisema, akifumbua jicho moja, "unajua unamnyoa nani?"

"Sijui."

"Ndiyo maana mkono wako umetulia. Ungejua, ungetetemeka. Mimi ni mwongozaji."

Kesho yake alifika kwenye ukumbi wao, nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma, amejifunga kitambaa kizito shingoni katikati ya jua kali, kwa kuwa watu huamini kwamba msanii wa kweli hasikii joto. Alizunguka ukumbi polepole, akagusa pazia, akanusa. Akasema, "Hapa kuna kitu." Hakusema ni kitu gani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kisha akawachukua mmoja mmoja pembeni. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye wote walimwita Mwalimu hata wale wasiowahi kusoma kwake, aliambiwa kwamba wengine wote ni taa, yeye ni jua. Mwenye bucha aliambiwa kwamba yeye ni jua, wengine ni taa. Kinyozi aliambiwa vivyo hivyo, na akalia kidogo. Jukwaa lile dogo likawa na majua mengi kuliko mbingu, na hakuna jua lililomwambia jua mwenzake.

"Ila dhahabu ya karatasi haina sauti," Mrija alimwambia kila mmoja. "Mtazamaji wa siku hizi ana macho. Akiona biskuti moja tu, hata uimbaji wako ataona ni biskuti. Wewe mkufu wako uko wapi?"

"Upo nyumbani," mwenye bucha alijibu.

"Unafanya nini nyumbani? Nani anautazama, paka?"

Mkufu ukaja. Bangili za Mwalimu zikaja. Akabaki fundi wa cherehani, aliyeitwa Mama Pindo, na huyo hakuwa mwepesi.

"Hereni si zangu, bwana," alisema, pini zikiwa bado mdomoni. "Ni za mama mkwe. Zipo sandukuni, na ufunguo anaulalia."

"Atakuja kwenye onyesho?"

"Nani, yeye? Anasema maigizo ni kazi ya watu walioshindwa kusema uongo vizuri majumbani mwao." Akatoa pini, akazichomeka kwenye mto mdogo, moja baada ya nyingine. "Nisikilize. Tangu siku ya kwanza mama huyo anamwambia mume wangu kwamba ameoa mkono mrefu. Sukari ikiisha, ni mimi. Kijiko kikipotea, ni mimi. Sijawahi kugusa hata sindano yake. Nikizichukua hizo hereni zikapotea, nitakuwa nimempa ushahidi aliokuwa anautafuta miaka yote, na ndoa yangu inaishia hapo. Mume wangu ni mtu mwema, ila mbele ya mama yake hana kauli."

"Zitapoteaje, dada yangu, na mimi nipo?"

Hilo lilikuwa swali zuri sana, na mwenye kuliuliza alikuwa na jibu lake.

"Zitaondoka machweo, zitarudi kabla hajamaliza kuswaki," Mrija aliendelea. "Na siku moja tu ya maisha yako watu watakutazama wewe, si cherehani yako."

Mama Pindo alishona mstari mzima. Mstari ulipinda. Mrija akajua ameshashinda.

Mpango wenyewe, tuseme haki, ulikuwa mzuri. Mrija aliandika upya mwisho wa mchezo. Wageni wa harusi wanashiba, wanavua dhahabu zao na kuziweka kwenye sinia ili wapumzike, wanasinzia. Mwizi anaingia. Mwizi, kwa unyenyekevu, angekuwa Mrija mwenyewe, maana majua yote yalikataa nafasi isiyo na wimbo. Mwizi anajaza mfuko, wageni wanaamka, na wakati mwizi anaelekea mlango wa nyuma, wote wanaimba wakiwa wamewageukia watazamaji. Wimbo huo, ule wa Kinyozi, aliupa beti nyingi kuliko subira ya binadamu. Nje ya mlango wa nyuma angesubiri mwenzake mwenye pikipiki. Kabla ya ubeti wa katikati, mjini asingekuwepo mtu anayeitwa Mrija, na ukumbi ungekuwa unapiga makofi.

Kikwazo kilikuwa kimoja: waigizaji hawa walikuwa na ugonjwa wa kuongeza. Kinyozi aliongeza beti. Mwenye bucha aliongeza kifo, ingawa hakuna aliyepaswa kufa. Wizi ni kazi ya saa, na saa haitaki nyongeza. Kwa hiyo Mrija akawatungia amri, akawa anaipiga kila siku kama kengele: "Andiko ni sheria. Kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Asiyeweza, mlango ule pale."

Wakaimeza. Mwalimu aliiandika ubaoni kwa mwandiko wa kuviringa.

Ukurasa wa mwisho alikataa usifanyiwe mazoezi. "Ukirudiwarudiwa utachacha," alisema. Aliuandika kwa mkono wake, akatoa nakala, akampa kila mtu akausome nyumbani, na akapiga marufuku maswali.

Walikutana chumbani kwa Mama Pindo kuusoma, kila mtu amekaa juu ya nguo ya mteja. Mwalimu akavaa miwani.

"'Mwizi anajaza mfuko,'" alisoma. "'Wageni wanaamka. Mwizi anaelekea mlango wa nyuma. Wote wanaiba mpaka pazia lifungwe.'"

"Wanaimba," Kinyozi alisema.

"Wanaiba."

"Mwalimu, hapo si imeruka herufi?"

Mwalimu akashusha miwani mpaka ncha ya pua, mahali ambapo ilikuwa imewatia hofu watoto wengi. "Nimesahihisha imla tangu hujaota meno. Kosa la imla nalinusa likiwa bado mlangoni. Mtu mzima, msanii, anayevaa kitambaa shingoni juani, akosee neno dogo namna hii? Haiwezekani. Imeandikwa wanaiba."

Alikosea, bila shaka, kama wanavyokosea watu wenye uhakika. Mrija alikusudia wanaimba. Lakini mkono ni mtumwa wa mazoea, na wa Mrija haukuwa umeimba hata siku moja. Ulipofika kwenye neno lile ulikwenda mbio kwenye njia unayoijua, herufi ikadondoka, na yeye hakugeuka nyuma kuitazama.

"Haya, tunaiba," mwenye bucha alisema. "Tunamwibia nani? Sisi tumeshaibiwa."

Mama Pindo ndiye aliyeinua kichwa.

"Pale mwenye kitu ni mmoja tu."

"Mwizi," Kinyozi alisema taratibu.

"Mwizi anaibiwa. Ndicho kichekesho chenyewe," Mama Pindo alimalizia.

"Kumbe ndiyo maana hataki mazoezi," mwenye bucha alisema kwa heshima kubwa. "Anataka ashtuke kweli. Jamani, huyu mtu ni fundi."

"Na wimbo wangu?" Kinyozi aliuliza.

"Utaimba kwenye harusi yako ya kweli," Mwalimu alimwambia. "Andiko ni sheria."

Siku zilizofuata walijifunza kuiba kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana kwenye nyimbo. Walimfanyia mazoezi mwenye bucha. Walimvua aproni, mkanda na soksi huku amesimama anaongea, na mkanda aligundua hana alipogeuka kuwaaga.

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia makreti ya soda. Mama Pindo aliingia jukwaani akiwa na hereni masikioni, akageuka kuelekea watazamaji, na mstari wake wa kwanza akauanza mara mbili. Safu ya mbele, pembeni ya mume wake aliyekuwa anatabasamu kwa fahari, alikaa mama mkwe. Mume alikuwa ametaka kuwafurahisha wote wawili kwa mpigo mmoja. Mama alikuwa anazitazama hereni kama mtu anayeona barua yake ikisomwa na jirani.

Mama Pindo hakuweza kukimbia. Akacheza. Wakati wa kusinzia ulipofika alizivua hereni, akaziweka kwenye sinia, akalala kifudifudi, akiomba dua moja tu: zirudi mkononi mwangu.

Mrija akaingia kwa kunyata, kofia imemfunika nyusi. Watu wakacheka. Akamimina sinia nzima kwenye mfuko, akaupima uzito kwa mkono, na tabasamu lililomtoka halikuwa la kuigiza. Wageni wakaamka. Akaanza kuelekea mlango wa nyuma bila haraka, akisubiri wimbo.

Wimbo haukuja.

Aligeuka. Wote walikuwa wamesimama, wanamwangalia yeye, si watazamaji.

"Imbeni," alinong'ona.

"Haijaandikwa," Mwalimu akamnong'oneza, na akamvua kitambaa.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Kinyozi, aliyezoea kumshika mtu kichwa asijitikise, alimshika kichwa. Mwenye bucha alichukua koti, kisha mkanda, kisha viatu. Mama Pindo hakugusa nguo. Aliufuata mfuko. Mrija aliukumbatia, naye akauvuta kwa mikono yote miwili, meno yamekazwa, mshipa wa shingo umesimama, na watu wa safu za nyuma wakasema dada yule anaigiza sana.

"Wananiibia," Mrija akapaza sauti. "Jamani, nisaidieni, hawa watu ni wezi. Wananiibia kweli."

Ukumbi uliangua kicheko. Kuna mzee alitoka nje kupumua. Mwenzake Mrija, yule wa pikipiki, alifungua mlango wa nyuma kuona kuna nini, akaona kila mtu anachukua chake, akachomoa simu kwenye mfuko wa suruali ya Mrija iliyokuwa inateremka, na pikipiki ikasikika ikienda zake.

Mfuko ukaachia. Mama Pindo alizama ndani yake mpaka kiwiko, akaibuka na hereni zote mbili, akainua uso. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, juu ya jukwaa, pochi imebanwa kwapani.

"Shikamoo, mama," Mama Pindo alisema, kwa kuwa hakuna kingine kilichomjia.

"Marahaba." Mama akamtazama Mrija, aliyebaki na fulana na aibu, na hakuwa anacheka. Yeye peke yake katika ukumbi ule alijua kutofautisha kilio na kilio. "Mkono wako mrefu, mkwe wangu. Nilisema, na nimesema kweli."

"Mama, naomba..."

"Wa huyu ulikuwa mrefu zaidi, nawe umeukata." Akachukua hereni, akamvika moja, akamvika nyingine, akakaza kidogo kuliko ilivyohitajika. "Utazivaa mpaka nyumbani. Nitazivua mwenyewe. Sandukuni mwangu uliingiaje, tutaongea tukifika."

Kisha, kwa kuwa alikuwa amekaribia, akamnyang'anya Mrija kofia. Pazia likafungwa.

Nyuma ya pazia Mrija aliomba viatu vyake.

"Viko kwenye kasha la vifaa," Mwalimu alimwambia kwa upole. "Jumamosi utavivaa tena, tuje tukuibie. Bwana, leo umetufundisha sanaa."

Mrija alipitia dirishani, pekupeku. Angemshtaki nani, na kwa kosa gani?

Kikundi kilimsubiri, kisha kikatafuta mwizi mwingine. Walijaribu wengi. Wote walipiga kelele vizuri, lakini hakuna aliyeweza kusema "wananiibia" mpaka mtu akaamini. Mwishowe aliinuka mama mkwe kutoka safu ya mbele, alikokuja kumchunga mkwe wake. Alisema maneno hayo ameyasema nyumbani kwake kila siku tangu mwanawe aoe, haoni kwa nini ayaseme bure.

Akapewa nafasi. Jumamosi ile Mama Pindo alimwibia mfuko, pochi, kilemba na viatu vyote viwili, mbele ya mume wake na mbele ya mji mzima, na mama mkwe alilia kwamba anaibiwa na mkwe wake mpaka sauti ikamkauka. Ukumbi ulicheka kwa machozi. Wao wawili hawakucheka, walikuwa kazini.