Pasi Juu ya Bega

Jumatatu, 4 Mei
Bega linawaka moto! Lazima lipoe kabla ya Jumamosi, siku bosi atakapochagua nani akae kwenye meza ya kukatia suti: mimi au Kidevu. Kidevu! Fundi asiyejua hata kunyoosha zipu! Daktari kaniandikia plasta za dawa kali ya maumivu, za kubandika mwilini. Dada wa duka la dawa akanieleza taratibu: bandika moja tu, ikae siku tatu, itoe ndipo ubandike nyingine, usiipashe moto, usimgawie mtu, na ukianza kusinzia ovyo itoe, uje mbio. Nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Mke wangu alinitazama tu. Ananijua.

Jumanne, 5 Mei
Plasta moja, nafuu kiduchu. Koti zuri huwekwa bitana, sivyo? Nimeongeza ya pili. Adhuhuri karakana ikajaa mwanga wa manjano, vumbi la nyuzi likaelea, cherehani zikavuma kwa mbali kama ziko kwa jirani. Nikamsamehe Kidevu kila kitu. Sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Alhamisi, 7 Mei
Plasta moja inabanduka pembeni. Akili ya fundi ikaamka: kitambaa cha kola chenye gundi tunakishikisha kwa kitu gani? Pasi! Nikamwomba Kidevu anipigie pasi begani. Akakataa katakata, eti hataki kesi. Wivu huo. Nikaweka kitambaa kibichi, nikajipigia mwenyewe. Ikashika barabara. Halafu, raha iliyoje! Jora la kitambaa cha bluu lilijikunjua lenyewe sakafuni, likatoka mlangoni, nami nikalifuata bila viatu. Marehemu baba alikuwa amekaa kule mwisho, anapima mikono ya mashati hewani. Akaniambia nisiwe na haraka. Nilimkumbuka mno, nikalia kwa furaha. Nilipozinduka chai ilikuwa imepoa.

Jumamosi, 9 Mei
Naandikia kitandani, hospitali. Asubuhi nilibandika ya tatu, nikapiga na pasi, kwa uhakika. Nikasimama mezani na chaki. Kitambaa kilikuwa kipana, kipole. Nikakata kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao. Bosi anasema nilikata mikono mitatu, yote ya kushoto, kisha nikajilaza juu ya suti ya mteja. Kidevu ndiye aliyenichania shati, akabandua plasta zote na kunibeba mpaka kwenye gari. Mke wangu alikaa karibu yangu, kitenge chake kimelowa machozi. Akasema, "Ulikuwa unapumua kama mtu anayesahau kupumua." Niliogopa. Niliona aibu mpaka nikageukia ukutani.

Jumanne, 12 Mei
Niko nyumbani. Meza kapewa Kidevu. Sawa, nimekubali, ingawa bosi amedokeza kwamba karibuni atahitaji mkataji wa pili. Bega bado linauma. Daktari kanibadilishia vidonge, mke wangu karudisha duka la dawa plasta zote zilizobaki. Nimemwapia: plasta basi, maisha yangu yote. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Mchana mama mkwe kaja kunijulia hali. Kakaa kwa taabu, kiuno kinamsumbua. Daktari wake naye kampa plasta, tena kubwa kuliko zangu, zimo mkobani mwake. Nimemsihi mama asiondoke leo. Chumba cha wageni kipo, nimeshamtandikia mwenyewe, na mkoba wake nimeupokea kwa mikono miwili.