Kumi na Wawili kwa Siku ya Alhamisi

Jumamosi, 9 Novemba. Wete, Pemba.

Nimetimiza wiki tisa ughaibuni. Leo Mzee Gulamali ameniita dukani kwake, akanikalisha kati ya majora ya vitambaa, akanipa chai ya maziwa na habari mbaya. Darasa langu la Kiingereza la alasiri halina watu. Analijua vizuri, maana ndiye mfadhili wake na liko ghorofani juu ya duka lake, na ngazi haijakanyagwa tangu Jumatatu. Atapanda kulitazama Alhamisi. Akikuta wanafunzi kumi na wawili, naendelea. Wakipungua hata mmoja, darasa linafungwa na mimi narudi Kenya mwisho wa mwezi. Alisema hayo kwa upole sana, akaniongezea sukari.

Siwezi kurudi! Kwetu Voi walinichinjia mbuzi. Walinitengenezea bango la plastiki lenye picha yangu na maneno MWALIMU MWAKIO, MKUFUNZI WA KIMATAIFA. Mchungaji aliniombea dakika arobaini bila kupumzika. Mtu aliyeombewa dakika arobaini harudi kabla ya Krismasi.

Halafu shirika lililonileta likatuma ile fomu yake ya kila Jumamosi kwenye simu. Umeridhika na kazi kwa kiwango gani, moja hadi kumi? Eleza sababu. Nimeandika tisa. Sababu: mandhari. Ukweli ni mbili, na hizo mbili ni za mkate wa kumimina anaoniletea jirani yangu Bi Time.

Jumapili, 10 Novemba.

Nimekipata chanzo. Karafuu! Msimu umeingia na kisiwa kizima kimehamia mitini. Mwalimu Hamdan, anayefundisha darasa la asubuhi, kalifunga lake kwa hiari na kwenda Mgogoni kumchumia mama yake. Kwa hiari! Alipita kuniaga, akanipiga begani, akasema na mimi nifunge twende wote, hewa nzuri. Nilimjibu kwamba mimi ni mtaalamu.

Huyu Hamdan hajawahi kuvuka hata kwenda Tanga. Lakini darasani kwake watu hucheka mpaka wanasikika sokoni. Kwangu kimya. Nimewapiga marufuku kusema Kiswahili mbele yangu, na kwa kuwa Kiingereza hawakisemi, tumenyamaziana wiki tisa. Nidhamu nzuri sana. Ila inachosha.

Mpango wa kwanza: bango la Voi, nililokuja nalo. Nimelining'iniza nje ya dirisha. Uso wangu sasa unautazama uwanja wote wa nyuma, ambako Bi Time anaanika karafuu zake. Yeyote anayeinua macho ananiona. Kesho watajaa.

Jumatatu, 11 Novemba.

Wamejaa mmoja. Ruweida, fundi cherehani, mwanafunzi wangu bora kabisa, maana huandika tarehe vizuri. Hakuja kusoma. Alikuja kwa ajili ya bango! Akalipapasa, akaligeuza nyuma na mbele, akasema plastiki yake nzima, haina tundu hata moja, akaniomba kwa adabu nimwazime siku chache. Nilielewa mara moja. Anataka kulitembeza mjini. Watu wa hapa wana haya, hawakusifu usoni. Nikampa.

Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akasema wote wako uani kwa Bi Time, wanachambua karafuu.

Wanachambua! Mpango wa pili: kesho naenda na daftari la mahudhurio, naita majina mbele ya kadamnasi. Aibu itawarudisha.

Jumanne, 12 Novemba.

Niliingia kwa Bi Time saa kumi na nusu, nimefunga tai. Wanafunzi wangu wote kumi na wanne wapo, wamezunguka rundo la karafuu mbichi, wanapiga soga, vidole vinakwenda vyenyewe. Kando kidogo, juani, bango langu. Chini! Juu ya uso wangu wameanika makonyo, yaani, kama nilivyokuja kujua baadaye, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishatolewa. Hata karafuu yenyewe sikustahili!

Nikafungua daftari, nikaita jina la kwanza. Bi Time, mjane wa miaka sabini na mwenye rundo lile, akanikata kauli: "Weye mwalimu wa Mombasa, hebu kaa kitako kwanza." Nimeshamweleza mara nne kwamba Voi si Mombasa. Nilikaa. Ni vigumu kusimama peke yako na tai mbele ya watu waliokaa. Wakanisogezea fungu langu na kikapu. Wakanionyesha: unashika kishada, unakisugua kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaachana na konyo. Kazi rahisi. Mimi nimemaliza chuo kikuu.

Nikaenda kwa kasi. Nikampita Ruweida. Nikampita hata Hamdan, aliyekuwa amerudi kutoka Mgogoni na kujifanya rafiki wa kila mtu. Saa nzima ikapita. Nikainua kikapu changu wakione. Kikapu kilikuwa kimejaa makonyo. Karafuu zote nilikuwa nazitupa kando, juu ya bango. Nilidhani kile kikubwa ndicho mali!

Bi Time alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akauliza mbona namtupia mali yake, au ndivyo wafanyavyo Mombasa. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikahamaki. Nikajitetea kwa Kiingereza, kirefu. Hapo Ruweida akanijibu. Kwa Kiingereza! Kwamba nimekosea, nisogee karibu, atanifundisha. Mwingine akadakia kwamba mwalimu akirudia kosa ataandika mara mia. Mwingine akauliza kama nimefanya kazi ya nyumbani. Mzozo ukanoga, watu kumi na wanne wanasema kwa pamoja, makosa chungu nzima, na kila nikijibu kwa Kiswahili wananisuta kwa sheria yangu mwenyewe. Tukalichambua upya fungu langu lote mpaka karibu na magharibi.

Nimecheka. Mimi! Mbavu zinauma mpaka sasa.

Nilipokuwa natoka, Bi Time alinifungia mkate. Akasema mtu aliyechambua na wao sasa ni mtu wao, na kwa hiyo Alhamisi nisiwe na wasiwasi. Sikumwelewa. Wasiwasi wa nini? Nina mpango.

Jumatano, 13 Novemba.

Jana niliridhika na kazi, hilo sikatai. Swali ni kwa nini. Tangu asubuhi napima kitaalamu. Karafuu? Hapana, zinaniwasha pua. Soga? Hapana, huo ni uvivu. Hamdan alikuwepo, kwa hiyo Hamdan si sababu. Saa sita mchana nikalipata jibu. Hawakuweza kuondoka! Ukishawekewa fungu lako kwa Bi Time, huinuki mpaka liishe. Walibanwa, na mwanafunzi aliyebanwa husema. Darasani kwangu mlango uko wazi, ndiyo maana wanapotea.

Nimenunua kufuli. Zito, la shaba, lenye ufunguo mmoja. Hamdan aliniona nalo njiani, akauliza nimeibiwa nini. Nikamwambia bado.

Alhamisi, 14 Novemba.

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi kamili walikuja kumi na wawili. Kumi na wawili! Walitoka moja kwa moja kwenye rundo, darasa likanukia karafuu. Kumi na mmoja wanafunzi wangu, maana watatu wako mitini wanachuma, wa kumi na wawili Hamdan, kakaa dawati la nyuma na daftari jipya. Sijui alikuwa anapeleleza nini. Mzee Gulamali akahesabu kwa kidole, akakaa dirishani. Nikafunga mlango kwa ndani, kufuli kwenye komeo, ufunguo mfukoni. Nikaandika ubaoni kichwa cha somo: Kuomba Ruhusa kwa Adabu. Ukurasa wa thelathini na moja.

Dakika ya kumi, mwanga ukafifia. Dakika ya kumi na mbili sauti ya Bi Time ikapanda dirishani: "Mvua hiyoo! Jamani, karafuu!"

Darasa zima likasimama. Hiyo ndiyo desturi ya hapa. Wingu likitanda, aliye karibu anakimbia kuanua, ziwe zake au za mtu asiyesemeshana naye. Karafuu zilizokaribia kukauka zikilowa, kazi ya siku nyingi imeharibika. Nilijua yote hayo. Lakini tulikuwa ndiyo kwanza tumefungua ukurasa wa thelathini na moja.

Nikawaambia wakae. Ruweida akanyoosha mkono. Akaomba ruhusa ya kutoka, kwa Kiingereza, sentensi ndefu isiyo na kosa hata moja, na samahani mbili ndani yake. Furaha iliyoje! Nikamwambia arudie, wenzake wasikie. Akarudia. Akafuata mwingine, na mwingine, mikono yote juu, kila mmoja ana adabu kuliko aliyemtangulia, na mimi nasema vizuri sana, tena, tena! Matone ya kwanza yakagonga bati. Mzee Gulamali naye akanyoosha mkono. Akaomba ruhusa. Ana Kiingereza kizuri ajabu. Nikampa.

Tatizo likawa ufunguo. Mfukoni hamna. Mfuko una tundu! Nikavua koti. Nikavua kiatu cha kulia. Nikavua cha kushoto. Wanafunzi wote wamepiga magoti wanapapasa sakafu, na huko chini Bi Time anatuita kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Mahudhurio yake yamekamilika kuliko yangu. Hamdan ndiye aliyeuona, umenasa kwenye upindo wa suruali yangu. Tukateremka ngazi kwa mkupuo, mimi na soksi.

Sikumbuki kila kitu. Nakumbuka jamvi, Hamdan ncha ile, mimi ncha hii, ananipigia kelele kwa Kiingereza nikunje, nikunje, siyo hivyo! Nakumbuka Mzee Gulamali, suruali ameikunja magotini, amejitwika kapu. Nakumbuka nimeteleza na kukaa katikati ya karafuu. Majamvi yote yaliwahi kuanuliwa isipokuwa moja. Hilo moja lililolowa lilikuwa la dakika zile za ufunguo. Nilimwona Bi Time akilitazama. Niliona haya. Haya za kweli, si za kuandika kwenye fomu.

Nikaliendea bango, nikayamwaga makonyo, nikalitumia kufunika rundo la karafuu mbichi lililobaki nje, nikalishikilia kwa mikono miwili mpaka mvua ikapita. Maji yakanipenya mpaka ndani ya masikio. Bi Time akaja akanitazama mimi, akaitazama picha. Akasema haya, leo ndipo picha ilipofaa.

Baadaye tulikaa barazani kwake, tumelowa wote, tunakunywa chai ya tangawizi. Kila mtu anasimulia mkasa wa ufunguo kwa Kiingereza, kila mmoja ana wake. Katika mmoja nilivua mpaka suruali. Mimi nasahihisha palipo na haja tu, yaani mara tatu, na hakuna aliyenuna. Mzee Gulamali alisikiliza mpaka kikombe kikaisha. Kisha akasema darasa halifungwi. Ila kwa msimu huu nilihamishie hapo hapo barazani, watu walipo, wachambue huku wakisema. Bi Time akasema ahlan wa sahlan, mradi nisiachiwe makonyo peke yangu.

Nabaki! Nimepiga vigelegele peke yangu ngazini. Mbuzi wa Voi hakufa bure.

Jumamosi, 16 Novemba.

Fomu ya shirika imeingia. Umeridhika na kazi kwa kiwango gani, moja hadi kumi? Nimeandika kumi. Ni mara ya kwanza sijadanganya.

Eleza sababu. Hapo sikufikiri sana, jibu liko wazi. Kabla ya kufuli: wiki tisa za kimya. Baada ya kufuli: mikono yote juu na sentensi ndefu zenye samahani mbili. Nimeandika: kufuli. Nimewashauri wampelekee kila mwalimu aliye ughaibuni la kwake.

Imebaki shida moja ndogo. Baraza ya Bi Time haina mlango. Nimemleta Soud, seremala, kuitazama. Akaizunguka nguzo mara mbili. Akasema baraza hii haijawahi kuwa na mlango tangu ijengwe, ni pahala pa kila mtu kupita na kukaa. Nikamwambia hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Atakuja Jumatatu asubuhi kupima, Bi Time akiwa shambani, ili akirudi tumfurahishe.

Na asije mtu akasema mimi ni mkaidi. Kosa la Alhamisi nimelitafakari, nimelichunguza na nimelirekebisha. Suruali iko kwa Ruweida, anashona mfuko.