Dawa ya Bingwa, Damu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Zahanati ina daktari mpya. Binti mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Anafukua mafaili ya wagonjwa wote, anasaka wanaomeza dawa za mabingwa. Faili la kwanza kulitoa, langu! Kasema kidonge changu cha viungo, kile cha kila Ijumaa, husimamiwa na bingwa wa hospitali kuu, nami nimekimeza miaka saba bila kupimwa damu. Eti kinaweza kula ini. Ini langu mimi, niliyeezeka nusu ya mtaa huu! Bila kipimo, hakuna kidonge. Na bila kidonge, vidole vyangu havishiki hata kijiko.

Jumanne, 4 Machi
Si kwamba naogopa sindano. Mtu wa umri wangu hatobolewitobolewi ovyo. Nimetumia akili. Yule wa maabara hanijui, anatazama kadi tu. Nimempa shemeji kadi yangu akatolewe damu kwa jina langu, na koti langu jeusi kama ahsante. Mke wangu kasema kaka yake huyo hana damu, ana pombe. Maneno ya ndugu.

Alhamisi, 6 Machi
Majibu. Daktari kafunga mlango, kaniita mzee wangu kwa sauti ya msibani. Ini limeoza. Kidonge kimesimamishwa leo hii hii. Kauliza nakunywa kiasi gani. Mimi, ambaye sijaonja tone tangu nilipooa! Nikasema kidogo tu. Ningesema nini?
Nyumbani mke wangu kalia, si kwa ajili yangu. Kasema ini hilo ni la kaka yake, niende nikaseme kweli, naye atibiwe. Silambi matapishi yangu mbele ya yule binti wa miwani. Shemeji nimemwambia mwenyewe kwamba ini ni lake. Kanipa pole kwa ini langu, akaenda zake kilabuni na koti.

Jumatano, 19 Machi
Vidole vimevimba. Kalamu naishika kwa ngumi. Mke wangu ananifunga vifungo vya shati, hasemi neno.

Jumamosi, 22 Machi
Bingwa kaniita. Anataka damu upya. Mke wangu leo kafungua mdomo: "Mzee, peleka mkono wako mwenyewe."
Nimewaza kutwa nzima. Akili yangu haikuwa na kosa. Kosa ni kuchagua mtu. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya nyuma hanywi, havuti, anakula majani kama sungura. Kesho nampelekea kadi.